Hii Ni ya Rebeka

Gizella alikuwa akisoma Biblia kama tarishi anayegawa barua. Kila jioni, sahani zikishawekwa mezani, alivaa miwani, akafungua pale ratiba ya kanisa ilipomwelekeza, akasoma kwa sauti yake ya kanisani, kisha akanyanyua kidole. "Hii ni ya mzee Kálmán na chupa zake." Kesho yake: "Hii ni ya yule binti wa posta na sketi zake." Kila barua ilikuwa na mwenyewe, ila haikutokea hata mara moja barua ikaangukia nyumba ile. Na zile kali, zenye moto na kusaga meno, zilikuwa za mtu mmoja tu. "Hii," alisema akivua miwani taratibu, "hii ni ya Rebeka."

Msidhani namsengenya. Nyumba yangu imepakana na yao upande wa kisima, na mengine haya nimesimuliwa na Ibolya mwenyewe, mke wa mwanawe. Tena niseme ukweli: kijijini kwetu sote tunasoma hivyo hivyo. Mchungaji akihubiri habari za uchoyo, utaona shingo zote zinageukia upande mmoja. Tofauti ni kwamba Gizella alisema kwa sauti.

Rebeka ni wifi yake, dada wa marehemu mumewe, Márton. Aliolewa mjini Kolozsvár akiwa msichana, akakaa huko mpaka mumewe Lajos alipofariki, ndipo akarudi kwetu na masanduku yake, akapanga kijumba karibu na kinu cha zamani. Jumapili yake ya kwanza ilikuwa Pasaka. Aliingia kanisani na nguo zake nyeusi, akaenda moja kwa moja upande wa wanawake, benchi la tatu, akaketi pale mama yake alipokuwa akiketi.

Sasa, kwetu kiti cha kanisani hufuata nyumba. Anayeshika funguo za nyumba ndiye anayekalia kiti chake, na funguo za nyumba ile zilikuwa mfukoni mwa Gizella tangu mama mkwe wake azikwe. Angeweza kumgusa Rebeka bega akamnong'oneza. Angeweza kukaa pembeni siku moja tu, wala benchi lisingevunjika. Hapana bwana! Alisimama katikati ya njia, kitabu cha nyimbo kifuani, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa mpiga kinanda kule juu: "Bwana wetu anatuonya, ukialikwa karamuni usikimbilie kiti cha mbele, mwenyeji asije akakuambia, mpishe huyu."

Kuna waliocheka. Rebeka aliinuka, uso mwekundu mpaka masikioni, akatoka. Tangu siku hiyo hukaa nje, kwenye benchi la ukumbi mdogo wa mlangoni, anasikiliza mahubiri mlango ukiwa wazi, na watu wakiinuka kwenda Meza ya Bwana yeye hushika njia akaenda zake. Hajagusa mkate wala divai tangu arudi. Kwa mtu aliyelelewa kanisani kama Rebeka, hilo si jambo dogo.

Ibolya hakuwa na ugomvi na Rebeka. Ugomvi wake ulikuwa na mama mkwe, lakini ule wa kimyakimya, wa kuweka kikombe mezani kwa kishindo kilichozidi kidogo. Naye alikuwa na aya zake alizomwekea Gizella. Mwaka mzima alisubiri ratiba ifike pale penye boriti na kibanzi. Ilipofika, alimkazia mama mkwe macho mpaka supu ikapoa. Gizella akamaliza kusoma, akavua miwani, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Hii ni ya Rebeka kabisa," akasema. Ibolya akaenda jikoni akazigonganisha sufuria.

Basi mwaka huu, mwisho wa Agosti, zamu ya kutoa mkate wa Meza ya Bwana ikaangukia nyumba yao. Ni ile Meza ya Mkate Mpya, ngano ikishavunwa, na mkate haununuliwi dukani. Familia moja huoka, na mchungaji hutangaza jina lake mbele ya wote. Ni heshima, watu huisubiri miaka. Gizella alianza kupiga chokaa tanuri la uani mapema kabisa, utadhani Bwana mwenyewe atakuja kulikagua.

Kabla ya Jumapili hiyo tunakuwa na wiki ya toba. Kengele inalia kila jioni, tunaimba zaburi za polepole, na siku ya Jumamosi tunaombana radhi. Unakwenda kwa mtu langoni unasema, "Kama nimekukosea, nisamehe kwa ajili ya Mungu," naye anajibu, "Mungu akusamehe," mnamaliza. Ni desturi nzuri sana, na sisi tumeifanya rahisi sana. Tunaombana radhi na watu tunaopatana nao. Mimi huenda kwa Vilma, Vilma huja kwangu, tunakula keki. Wale tusiosemeshana nao tunawapita kwenye njia hiyo hiyo, keki mkononi.

Katikati ya wiki ile ratiba ilifika pale Bwana anaposema kwamba ukileta sadaka yako madhabahuni, na hapo ukakumbuka kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo hapo, uende kwanza ukapatane naye. Gizella alisoma mpaka mwisho. Kidole kikapanda.

"Hii ni ya Rebeka. Ana neno juu yangu, basi na aje."

Mwanawe Zsombor, ambaye kwa kawaida hula akanyamaza, safari hii akaweka uma chini. "Mama, mbona haisemi hivyo? Mwenye sadaka ndiye anayekwenda. Mwenye sadaka mwaka huu ni wewe."

"Mimi sina neno na mtu."

"Haikuuliza kama wewe unalo. Imeuliza kama yeye analo."

"Zsombor, usinifundishe Maandiko, nilikufundisha mimi ukiwa hujui hata kufunga viatu!"

Lakini ilimwingia. Ibolya anasema usiku kucha alisikia kitanda cha mama mkwe kikilia upande huu na upande huu. Asubuhi Gizella alitoka chumbani uso unang'aa, amepata jibu. Na jibu lenyewe, jamani, lilikuwa la Gizella haswa. Alisema: "Nitakwenda mimi. Nitajishusha. Jumamosi tukishaoka, nitamchukulia mkate mdogo, nimwambie nimemsamehe. Na wewe Ibolya utakuja, uwe shahidi."

"Umemsamehe, mama?"

"Zamani sana."

Ibolya akainama kwenye unga asionekane. Alikuwa akicheka moyoni. Alijua mama mkwe wake anajipeleka mwenyewe mahali pabaya, na hakutaka kukosa kuona.

Jumamosi waliwasha tanuri, wakaoka mkate mkubwa wa kanisa wenye viazi ndani, na mmoja mdogo. Harufu ilifika mpaka kwangu nikameza mate. Gizella akavaa kitambaa chake kizuri, akafunga ule mdogo kwa taulo lililotariziwa, wakashuka njia ya kinu, mkwe nyuma, mama mkwe mbele, anatembea kama anayekwenda kupigwa picha.

Walimkuta Rebeka uani anapika jamu ya plamu. Mnajua kazi ya jamu ile: sufuria kubwa ya shaba juu ya moto tangu alfajiri, na mwiko hauachwi hata kidogo, ukiuacha inashika chini. Kwa hiyo Rebeka hakuinuka kuwakaribisha. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, jasho linamtoka, anazungusha.

"Karibuni," akasema. "Samahani, siwezi kuacha hii."

Gizella akasimama wima, akakohoa. "Wifi yangu, kesho ni Meza ya Bwana, na mkate unatoka kwetu. Nisingependa kuuweka mezani na moyo mzito. Nimekuja kukuambia, mbele ya mkwe wangu hapa, kwamba mimi nimekusamehe."

Mwiko ukazunguka. Ukazunguka tena.

"Umenisamehe nini?" Rebeka akauliza.

Hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, na hapo ndipo Gizella alipokwama. Alifungua mdomo, akaufunga. Ibolya akakaza meno asicheke.

"Ile ya... kiti," akasema Gizella hatimaye. "Ile siku ya Pasaka ulipokalia kiti."

"Kiti cha mama yangu."

"Kiti cha nyumba, Rebeka. Unajua desturi."

"Naijua. Siku ile nilikuwa nimeisahau. Nilikuwa nimetoka kumzika Lajos, nikaingia kanisani, miguu ikanipeleka yenyewe pale mama alipokuwa akinishika mkono nikisinzia." Aliongea macho yakiwa kwenye jamu. "Ungeniambia tu, 'Rebeka, sogea,' ningesogea na kukuomba radhi. Kiti ni chako, sibishi. Lakini hukuniambia sogea. Ulinipiga kwa maneno ya Bwana, mbele ya watu, wakacheka."

"Mimi nilisoma tu kilichoandikwa."

"Ndiyo. Na kimeandikwa kwenye Luka. Gizella, mimi Luka nilikuwa naipenda kuliko kitabu chochote. Lajos alipolazwa nilimsomea Luka, tukifika mwisho tunaanza upya, mpaka siku aliyokata roho. Sasa nikiifungua naisikia sauti yako. Si pale penye karamu tu. Kote. Mwana mpotevu, sauti yako. Mchungaji na kondoo wake, sauti yako. Bwana akifungua kinywa tu, unasema wewe." Akainua uso. Macho yalikuwa mekundu, na moshi haukuwa upande ule. "Kiti kaa nacho. Nirudishie Luka yangu."

Ibolya anasema hapo kicheko kilimwisha chote. Alitazama visigino vya mama mkwe wake, viatu vya kanisani vimeingia vumbi, akatamani wawe mahali pengine popote.

Gizella alisimama na mkate wake kama mtoto aliyetumwa akasahau alichotumwa. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia nyumba ile: "Nisamehe. Kwa ajili ya Mungu."

"Mungu akusamehe," akajibu Rebeka, maana ndivyo inavyojibiwa. Mwiko ukazunguka. "Mimi sijaweza, wifi. Sitaki kukudanganya eti kwa sababu kesho ni Jumapili."

Walirudi na mkate mdogo vilevile ulivyofungwa. Gizella alipofika aliingia chumbani akafunga mlango.

Ibolya akatoka kwenda kuwapa kuku pumba, na hapo uani, upande ule mwingine wa uzio, alikuwepo Vilma. Vilma hana ubaya, ila ukimwambia jambo ni kama umemwambia mpiga kengele. "Mlikuwa wapi mmependeza hivyo?" akauliza. Na Ibolya, moyo umemjaa, akasimulia. Alianza kwa huruma kweli, anasema alikaribia kulia. Lakini alipofika pale mama mkwe aliposema "nimekusamehe," Vilma alicheka, na kuchekewa nako ni kutamu. Ibolya akaanza kumwigiza Gizella: kukohoa kwake, shingo yake, mdomo ukifunguka na kufungika. Vilma akashika uzio kwa kicheko. Ibolya akamwigiza na Rebeka na mwiko wake. Akamalizia na ile "Mungu akusamehe, mimi sijaweza," akiivuta kwa pua. Kuku wakabaki wanamtazama na pumba zake mkononi.

Kabla kengele ya jioni haijalia mimi nilikuwa nimeshapata yote, na wa duka alikuwa ameshapata, na wa kule juu makaburini pia.

Jioni mezani Gizella hakuvaa miwani. Aliisukuma Biblia upande wa Ibolya. "Nisomee wewe, mwanangu. Luka. Pale pa karamu." Hakuwahi kumwita mwanangu. "Nikisoma mimi, naisikia sauti yangu. Rebeka amesema kweli, ni sauti mbaya."

Ibolya akasoma. Alisoma habari za viti vya mbele, na za wale maskini na vipofu wanaoitwa karamuni, na kila mstari alikuwa akimwona Vilma kwenye uzio. Alipomaliza hakuna aliyenyanyua kidole. Zsombor alikuwa akitazama sahani.

"Nilimwaibisha mbele ya watu," akasema Gizella. "Nitamwomba radhi mbele ya watu. Kesho, kabla ya mkate. Nikishasema, nitakwenda pale mlangoni alipoketi, akitaka kunitemea mate anitemee. Ila msimwambie mtu. Akijua nataka kusema hatakuja, mnajua alivyo na haya."

"Ndiyo, mama," akasema Zsombor.

Ibolya alifikiri kwenda kwa Vilma kumwomba anyamaze, lakini alijua tayari amechelewa, na zaidi ya hapo aliona aibu ya kugonga mlango ule. Akaosha vyombo. Akajiambia pengine Vilma hakusema.

Jumapili asubuhi Gizella alitangulia kanisani kutandika kitambaa cha Meza, na Ibolya akaja nyuma na mkate mkubwa kikapuni. Sisi wanawake tulikuwa tumesimama ukumbini mlangoni kama kawaida, tunangoja kengele ya mwisho. Ndipo Rebeka akaja. Alikuwa amevaa gauni jeusi lililopigwa pasi, kitabu cha nyimbo mkononi na kitambaa kimekunjwa juu yake, kama wanavyokunja wanaokwenda Mezani. Hakuelekea benchi lake. Alikuja moja kwa moja kwenye mlango, akanyanyua mguu kuvuka kizingiti.

"Eh, Rebeka!" Vilma akapayuka. "Mungu amsamehe Gizella, wewe hujaweza! Ulimkomesha kweli yule!" Na akaivuta kwa pua, kama alivyofundishwa kwenye uzio.

Tukacheka. Na mimi nilicheka. Si kwa ubaya. Ilichekesha, na wengi wetu Gizella ametugawia barua.

Mguu wa Rebeka ukarudi nyuma.

"Nani kawaambia?"

Vilma akamtazama Ibolya. Ibolya akautazama mkate.

Rebeka aliona. Alitutazama mmoja mmoja, na kicheko kikaisha kama moto uliomwagiwa maji. "Jana nilijaribu tena kusoma," akasema polepole. "Nilifika mbali kidogo. Nikafikiri leo labda nitaweza kuingia." Akakishika vizuri kitabu chake cha nyimbo. "Kumbe nimeshasomwa tena mbele ya watu."

Akageuka, akateremka ngazi, akaenda. Kengele ikalia. Na sisi tukaingia. Tukaingia, jamani, na vitambaa vyetu vimekunjwa vizuri.

Mchungaji Áron ni kijana, bado akihubiri huwa anashika mimbari utadhani itamkimbia. Alitangaza kwamba mkate umetolewa na nyumba ya mjane wa Márton. Alikuwa anaelekea kwenye yale maswali tunayojibu sote kabla ya Meza, ndipo Gizella akasimama. Hakusimama kwenye benchi lake. Alitoka akaja katikati ya njia, pale pale pa siku ile.

"Mchungaji, nisamehe, nina neno. Siku ya Pasaka niliyomwondoa wifi yangu hapa, nilitumia maneno ya Bwana kumpiga. Halikuwa jambo la kiti, lilikuwa jambo la kiburi changu. Alikuwa amefiwa, na mimi nilimwonea. Nimesoma Maandiko maisha yangu yote nikiwaelekezea wengine." Akaendelea. "Nilimwaibisha hapa, naaibika hapa. Rebeka, unanisikia huko nje? Nimekuja kukuomba..."

Akageuka mlangoni. Mlango ulikuwa wazi. Benchi la ukumbini lilikuwa tupu, jua tu limeliangukia.

"Hajaja?" akauliza. Alituuliza sisi.

Wanawake wote tulikuwa tunatazama mapaja yetu. Kisha Ibolya akasimama, amekuwa mweupe kama kitambaa cha Meza.

"Alikuja, mama. Alikuja anataka kuingia. Mimi niliyasema ya jana. Niliyasema kwa Vilma kwenye uzio, nikawaigiza. Wewe na yeye. Wamemcheka hapo mlangoni, akarudi." Akaanza kulia, kulia kwa kwikwi, pua na vyote. "Wewe ulimsomea aya moja. Mimi nilikuwa nakusomea wewe mwaka mzima, kila jioni, kimoyomoyo."

Tulingoja Gizella amrarue. Nakiri nilitamani amrarue, ingetupunguzia. Gizella alimtazama tu, na uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa umechoka.

"Futa pua," akasema. "Twende."

Wakatoka wote wawili, katikati ya ibada, mkate wao uko mezani chini ya kitambaa.

Mchungaji alisimama na mikono yake haijui iende wapi. "Tumeambiwa iache sadaka yako," akasema. "Hatukuambiwa wanaobaki wangoje muda gani. Tuimbe." Tukaimba zaburi, beti zote, polepole. Hawakurudi. Tukaimba nyingine. Zsombor alikuwa peke yake upande wa wanaume, masikio yamemwiva. Kisha mchungaji akasema, bila kutunyooshea kidole, "Kama kuna mwingine aliyekumbuka jambo, mlango uko wazi."

Vilma akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake. Mimi nilitazama dari, maua yake yaliyochorwa na mababu, nikayasoma kama sijawahi kuyaona. Nilisema moyoni kwamba mimi sikuigiza mtu, nilicheka tu, tena kidogo. Hakuna aliyesimama. Mwishowe mchungaji akafunua mkate, tukainuka benchi kwa benchi, tukala. Ulikuwa mkate mzuri kuliko wote niliokula Mezani. Mimi nilitafuna kipande changu mpaka nikaona watanishangaa, ndipo nikakilazimisha kushuka.

Baada ya ibada nilipita njia ya kinu. Si njia yangu. Nilisema moyoni napita tu. Lango la Rebeka lilikuwa limefungwa. Nje, kwenye benchi la barabarani, waliketi Gizella na Ibolya na nguo zao za kanisani. Ndani ya ua ilisikika sauti ya mtu anafunga mitungi ya jamu, mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

"Hajafungua?" nikauliza.

"Anajua tupo," akasema Gizella. Kisha akanitazama, na nilijua kwamba Ibolya ameshamwambia nani na nani walicheka. Hakunisomea chochote. Alijisogeza kidogo, Ibolya naye akajisogeza, ikapatikana nafasi ya mtu kuketi.

"Ningekaa," nikasema, "lakini nimeacha supu motoni."

Nikawaaga, nikaharakisha kupanda mlima. Supu sikuwa nimeipika.